Mama wa Juu ya Paa

Mwende wangu,

Bado kuna jua kidogo hapa dirishani. Baba yako amekuchukua mkawaage watu wa stesheni, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu yako. Mkirudi mtakuta chakula kiko tayari, na utafikiri nimeshinda nacho tangu mchana. Barua hii nitaikunja ndani ya ile sweta ya kijani, mahali mkono wako utakapoingia kwanza baridi ya kule shuleni ikikushika.

Mambo ya sabuni, ya kuchana nywele na ya kuwaamkia walimu sitayaandika. Baba yako ameyasema wiki nzima mpaka hata kuku wa jirani wanayajua. Jana alipokuwa akikuonyesha tena namna ya kufunga sanduku kwa kamba, uliniangalia mimi, na mimi nikaangalia sufuria ili nisicheke. Mvumilie. Huyo mtu akikupenda anakufundisha kufunga mizigo. Wakati wa kunichumbia alikuja kwa mama yangu akafunga upya kuni zote za nyumba.

Mimi nataka kukushukuru tu. Lakini nikitaka kukushukuru vizuri lazima nianze na ukuta wetu, na nikianza na ukuta lazima nitaje makosa yangu, kwa sababu ndiyo yamebandikwa pale.

Tulipohamia chumba hiki cha mbao nyuma ya maduka ya Ruiru, ulikuwa bado mgongoni. Ulikuwa umepewa jina la mama ya baba yako wa Kangundo, kama desturi ya kwao ilivyo, na ya kwetu pia. Kwa hiyo nikawa msichana mdogo anayembeba mama mkwe wake mgongoni. Watu walicheka. Nikitaka kukuchapa nilikuwa nakumbuka jina ninalotaka kulichapa, mkono unashuka wenyewe. Labda ndiyo sababu ulikua na maswali mengi hivyo.

Mbao za chumba zilikuwa zimekauka zikaachana, na mwezi wa saba upepo uliingia humu kama mwenye nyumba. Baba yako akaanza kuniletea magazeti ambayo Wazungu waliyaacha kwenye mabehewa. Nikapika unga wa ngano kwa maji mengi, nikapaka, nikabandika. Kila mwaka kabla ya Krismasi nilibandika mengine juu ya yale ya zamani. Ukuta ukanenepa, chumba kikapata joto.

Unajua niliishia darasa la tatu. Nilitolewa nikawalee wadogo zangu, na sikulia, kwa maana sikujua ninachotolewa ni kitu gani. Kiswahili nasoma, Kikuyu nasoma, lakini gazeti la Kiingereza sikulijua kichwa wala miguu. Karatasi zenye picha zilinisaidia, mtu huwezi kumbandika akitembea hewani. Zile za maandishi matupu nilizibandika zilivyonijia mkononi.

Siku moja ukiwa umeanza kufundishwa Kiingereza ulisimama katikati ya chumba, umeinamisha shingo, ukaniambia kwa upole, "Mama, upande huu wote umelala kichwa chini."

Bi Zuhura alikuwa hapo mlangoni na kikapu chake cha mahamri, anangoja treni ya kurudi kwao Thika. Akasema, "Sasa utafanyaje, mama Mwende? Ubomoe nyumba? Mfundishe mtoto kusimama kwa kichwa, mambo yaishe."

Na ndivyo ulivyofanya. Ulikuwa unalala kitandani, miguu umeiegemeza ukutani, kichwa kinaning'inia, na midomo inacheza cheza. Neno usilolijua ulilibeba mpaka kwa mwalimu. Baba yako ulimwacha mapema, maskini, Kiingereza chake ni cha treni: simama, nenda, hatari. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikisikia habari za bei ya kahawa, za wafalme, za vita ambavyo havikuwa vyetu. Sikuelewa hata moja. Lakini nilikuwa nafurahi, kama mtu anayesikia wageni wakizungumza vizuri chumba cha pili.

Halafu kukawa na yule mama.

Yeye alikuwa amebandikwa sawasawa, karibu na dirisha, kwa sababu alikuwa na picha. Mwanamke amekaa juu ya paa la nyumba, mtoto amemfunika na blanketi, na pande zote ni maji. Ulinisomea kwa Kiswahili, kidole kwenye mstari: nchi ya mbali, bahari ilivunja ukuta wa udongo ikaingia mashambani watu wakiwa wamelala. Mume alikuwa ameondoka kutafuta mashua. Mama akapanda juu na mtoto. Maji yakafika dirishani. Kisha ukanyamaza.

"Endelea," nikasema.

"Hapaendeleki, mama. Dirisha limekata."

"Dirisha halikati. Ni mimi nilikata, ili karatasi ienee."

"Kipande kiko wapi?"

"Mwende, hicho kilichemsha uji."

Ulilia kama uliyefiwa. Mimi nikasimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba nilikuwa nabandika watu. Nilikuwa nafikiri ni karatasi.

Tangu hapo tukawa wanne katika chumba hiki. Mvua ikipiga mabati, baba yako alikuwa anasema, "Leo mwenzetu atalowa tena." Jioni tukimenya viazi ulikuwa unampa mwisho, na kesho yake unampa mwingine. Mwisho wako ulikuwa daima na mume anayefika na mashua. Mimi nikasema hapana, alikuja jirani, waume huwa kazini. Baba yako alikasirika kidogo.

Sasa nije kwenye kosa ninalotaka ulijue.

Ile miaka ya Imajensi, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, ulikuwa mdogo lakini si mdogo sana. Mimi Mkikuyu, na wakati ule hilo peke yake lilitosha. Baba yako alikuwa Mkamba wa reli, kwa hiyo tuliachwa chumbani mwetu, lakini kila askari waliposikia kwamba mke wake ni wa huku, walikuja kutazama. Asubuhi ile waliingia askari, wakageuza godoro, wakamwaga unga wa mahindi. Mmoja akasimama mbele ya ukuta.

"Nani anasoma Kiingereza hapa?"

Nilikuona ukifungua mdomo. Ulikuwa unaona fahari, ulitaka kumwonyesha. Nikakushika bega, na najua nilikuumiza.

"Hakuna, bwana. Ni ya kuzuia upepo."

Akacheka. "Basi upepo wako umesoma kuliko wewe, mama."

Wakaenda. Nikafagia unga. Nikakuita, nikakuambia kuanzia leo habari za dunia zisitoke kinywani mwako, si mferejini, si shuleni, si kwa Bi Zuhura. Ukiona kitu, umekiona. Ukijua kitu, kikae. Wiki zile mama yako mdogo Wairimu, dada yangu wa pekee, alihamishwa pamoja na jirani zake, na tulimwona akipita barabarani na godoro kichwani. Ulivuta nguo yangu ukaniuliza kwa nini wanahama. Nikakuambia nyamaza. Hukuuliza tena. Wewe, uliyekuwa unaniuliza mpaka kwa nini chumvi ni nyeupe, hukuuliza tena.

Sisemi nilikosa siku ile. Kunyamaza kulitulinda, na mtu asikudanganye kwamba waliokuwa kimya hawakuwa na akili. Kosa langu ni kwamba hatari ilipoanza kupungua sikukuambia. Nilikufungia mlango, kisha nikasahau kuufungua, nikaenda zangu kuosha vyombo.

Na nafasi niliipata. Unakumbuka ile sinema ya gari, kwenye uwanja wa mpira kule Thika? Bi Zuhura alitupeleka tulipolala kwao Majengo. Gari lilisimamishwa, shuka jeupe likafungwa kwenye milingoti ya goli, na watu wakakaa chini kwenye majani. Kwanza wakaonyesha habari. Watu weusi wamevaa vizuri, umati mkubwa, bendera inapandishwa. Ghana. Yule bwana wa kipaza sauti hakutueleza chochote. Alingoja mpaka akaja ng'ombe, ndipo akaanza kutufundisha namna ya kuosha viwele. Sauti moja gizani ikasema, "Bwana, ng'ombe tunaye nyumbani. Turudishie ile bendera." Watu wakacheka mpaka yule bwana akazima kipaza sauti.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaelezwa. Wewe ulikuwa umeegemea bega langu, na wakati ile sinema inazungumza Kiingereza, ulikuwa unaniambia pole pole sikioni: anasema sasa ni nchi yao wenyewe, anasema wamengoja muda mrefu, anasema usiku huu hakuna aliyelala. Pumzi yako ilikuwa moto na ilinukia mahamri. Mwende, dunia haikuwahi kuniambia jambo lolote mpaka jioni ile, na iliniambia kwa sauti yako. Nilitamani ng'ombe asije. Na bado sikukuambia, sasa unaweza kusema kwa sauti. Nilifurahi peke yangu, nikakuacha unanong'ona.

Ndiyo maana ilikuwa vile ilivyokuwa siku ya mahojiano ya shule hii unayokwenda.

Wewe ulikuwa ndani, hukujua ya nje. Mimi nilikaa kwenye benchi la kanisa pale Thika na mama wengine, mlango umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Nilikuwa nakuona mgongo. Yule mama wa Kizungu mwenye miwani alikuwa ng'ambo ya meza na gazeti mbele yake, analitazama yeye. Akaanza kuligeuza akupe usome. Kabla halijageuka wewe ulikuwa umeshaanza. Ulilisoma vile vile lilivyokaa, kichwa chini, bila kusimama, kama mtu anayesoma ukuta wa kwao. Yule mama akaliachia. Akamwangalia mwalimu mwenzake, yule wetu Mwafrika aliyekaa pembeni, na wote wawili wakacheka, lakini kicheko kizuri. Mama aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Huyo mtoto umemfundisha wapi hivyo?"

Kisha ukaulizwa swali, na ukanyamaza.

Ukaulizwa tena. Niliona shingo yako imekaza, na kalamu ya yule mama ikaanza kutembea kwenye karatasi yake. Mwalimu wetu akatoka mpaka kwangu.

"Mama, mtoto anasoma vizuri sana. Lakini anaelewa anachosoma, au anasoma kama kasuku?"

"Ameulizwa nini?"

"Kwenye gazeti kuna watu wanavuka mpaka katika baridi, wamebeba magodoro. Ameulizwa yeye anafikiri kwa nini watu hao wanahama. Hasemi kitu. Bila kujibu hatuwezi kumchukua."

Nilijua unajua. Katika watoto wote waliopita kwenye kile kiti, ni wewe uliyejua kabisa. Na niliyekufunga mdomo alikuwa amekaa hapo nje na kitambaa kipya kichwani, anaomba Mungu upite.

Sikuomba ruhusa. Nilisimama mlangoni, viatu vya Bi Zuhura vinanibana, nikasema kwa Kiswahili mbele ya watu wote, "Sema, mama mkwe. Hapa hakuna askari. Ni mimi nilikukataza, na ni mimi nakuruhusu."

Hukugeuka. Lakini bega lilishuka, lile lile nililolishika. Na ukaanza kusema. Ulisema mengi, na sauti ikawa inapanda, na kwa Kiingereza chote kile sikushika hata neno moja. Niliwatazama tu wale walimu. Yule wa miwani aliweka kalamu chini.

Tulipokuwa tunangoja treni ya kurudi ndipo nikakuuliza ulimwambia nini. Ukasema, "Nilimwambia mama mdogo alipita barabarani kwetu. Nilimwambia mtu habebi godoro kama anajua jioni atarudi." Ukala hamri lako. Mimi nikageuka upande wa reli, nikajifanya natazama kama treni inakuja.

Kwa hiyo asante. Asante kwa kunitii nilipokukataza, na kwa kunitii nilipokuruhusu, ingawa nilichelewa vile. Asante kwa kusoma makosa yangu kichwa chini mpaka yakawa na faida. Mtu mwingine angenicheka. Wewe ulining'iniza kichwa kitandani, ukaendelea. Namshukuru baba yako aliyeinama kwenye mabehewa akiokota yaliyoachwa na wengine, na wenzake wakamwita Bwana Gazeti. Namshukuru Bi Zuhura kwa viatu, na kwa kusali kwa namna yake wakati mimi nasali kwa namna yangu. Alisema kati ya sisi wawili mmoja atasikilizwa.

Kuna jambo moja nimekaa nalo, na kwa kuwa leo nafungua milango acha nifungue na huo. Mwezi uliopita ulikuwa mferejini na wasichana wenzako, mnazungumza Kiingereza, na mimi nikapita na debe. Mkacheka. Sijui mlicheka nini. Labda hamkuniona. Ulinifuata ukanipokea debe kama siku zote, na sikuuliza. Lakini usiku ule niliwaza: huyu anakwenda mahali ambapo watakula kwa Kiingereza na kuota kwa Kiingereza. Atakaporudi nitakuwa na maneno gani ya kumpa? Nikaogopa kuliko nilivyoogopa askari, nakuambia ukweli. Askari unaweza kumwambia ni ya upepo, akaenda.

Nimewaza sana, na nimefika hapa. Kiingereza chako hakikuanzia shuleni, kilianzia kwenye unga niliopika. Mimi ni ukuta wako. Ukuta haujui kilichoandikwa juu yake, lakini ndio umeshikilia. Hilo linanitosha, na nikisahau kwamba linanitosha, unikumbushe. Na wewe ukiona haya siku moja, kwa sababu mama za wenzako watakuja na mikoba na mimi nitakuja na kiondo, usijichukie kwa kuona haya. Mimi pia niliwahi kumwonea haya mama yangu, kwa sababu ya miguu yake iliyopasuka. Iliisha. Uje unipokee kiondo hivyo hivyo, na haya yako, tutembee.

Habari za dunia usiache kuzisoma, na usizisome kama kasuku. Kila ukiona picha ya watu wa mbali, tafuta ni nani hapa kwetu amebeba godoro kama lao. Wewe hilo unalijua tayari, nimelisema tu nijisikie mimi ni mwalimu kidogo.

Sasa nina ombi moja, halafu niwashe jiko, maana nasikia Bi Zuhura anawaita pale nje na mtachelewa kwake kidogo tu.

Yule mwalimu wetu aliniambia kwamba shuleni kwenu kuna chumba cha vitabu, na ndani yake magazeti ya zamani yameshonwa pamoja, hakuna aliyeyakata, hakuna aliyechemshia uji. Ukipata nafasi mtafute mwenzetu. Nataka kujua kama alishuka. Nataka kujua kama mtoto alipata joto, na ni nani alikuja, mume au jirani, ingawa kama ni jirani, baba yako usimwambie mara moja.

Krismasi hii nitabandika karatasi mpya kama kawaida, ukuta wote, na zote nitamwuliza baba yako kichwa kiko wapi. Ila pale dirishani sitapagusa. Yeye atabaki pale juu na blanketi lake, na mimi nitabaki hapa chini, tunangoja pamoja.

Ukiupata mwisho, Mwende, usiniandikie. Niandikie mengine yote, lakini huo uje nao mwenyewe. Nitakaa kitandani, baba yako atakaa kwenye sanduku, na wewe utasimama dirishani uweke kidole pale nilipokata, uendelee.

Mimi mama yako,
mwenye mkasi